Uzi: Ukurasa mmoja wa Da Vinci Code ulinitoa kwaya. Wewe ulikunasa wapi?

#1 Sauti_ya_Nne (mleta uzi)
Habari wakuu.

Mwaka 2007 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Morogoro. Mwenzangu wa chumba alikuwa na nakala ya The Da Vinci Code ya Dan Brown, jalada limechanika, limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Niliianza saa tatu usiku, nikaimaliza kesho yake mchana bila kwenda darasani. Wengi mnaijua kwa ile filamu ya 2006. Mimi naongelea kitabu, kilichotoka 2003.

Kilichonimaliza si mauaji ndani ya makumbusho ya Louvre jijini Paris wala yule mtawa anayejipiga mijeledi. Ni ukurasa unaokuja kabla ya hadithi kuanza. Mwandishi ameweka neno la kusema "huu ni ukweli", kisha anatamka kwamba Priory of Sion, ambayo kwenye hadithi inalinda siri kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na kuacha kizazi, ni chama cha siri cha kweli kilichoanzishwa 1099, na kwamba maelezo yote ya michoro, majengo, nyaraka na ibada za siri humo ndani ni sahihi. Kwa hiyo mamia ya kurasa yaliyofuata niliyasoma kama mtu anayesikiliza ushahidi wa kiapo.

Jumapili iliyofuata nikasimama kwaya kama kawaida, tukafika kwenye Nasadiki, nikafunga mdomo. Nilijiona naimba kitu ambacho maaskofu wa Kaizari Konstantino walikipigia kura tu, kama riwaya inavyodai. Nikakaa nje ya kwaya miaka miwili. Mama alilia. Paroko hakuniuliza hata siku moja.

Leo nakaribia arobaini, nimerudi kuimba, na nimeshasoma vya kutosha kujua kwamba hiyo Priory imesajiliwa 1956. Swali langu kwenu: kitabu cha hadithi kilituwezaje namna ile? Leteni visa vyenu. Matusi ya dini sitaki humu.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nakaa hapa. Uzi huu usifungwe.

#3 Karani_wa_Masjala
Mkuu, hapo kwenye 1956 pana utamu wake, acha nipafungue.

Mtu mmoja wa Ufaransa, Pierre Plantard, alikwenda na wenzake kusajili chama kwenye ofisi ya serikali ya Saint-Julien-en-Genevois, jirani na mpaka wa Uswisi. Wao walikuwa wakikaa Annemasse. Jina walilitoa kwenye mlima wa hapo hapo karibu, Mont Sion. Sayuni ya Yerusalemu haikuhusika. Chama kilikuwa na kijarida kiitwacho Circuit, na humo walikuwa wakitetea wapangaji wa nyumba za bei nafuu. Wapangaji! Hakuna damu ya kifalme, hakuna Maria Magdalena.

Hayo mengine yalikuja miaka ya 1960. Plantard na rafiki yake Philippe de Chérisey walitengeneza nyaraka, wakazipeleka Maktaba ya Taifa jijini Paris, zikapewa namba na kuwekwa rafuni kama nyaraka nyingine. Ndani kulikuwa na orodha ya wakuu wa chama: Leonardo, Newton, Victor Hugo, Debussy, Cocteau. Mtafiti akija anakuta karatasi ina muhuri wa maktaba, anaamini.

Nimefanya kazi masjala miaka kumi na sita. Muhuri unasema karatasi imepokelewa. Hausemi kama karatasi ni ya kweli. Watu wengi, hata wasomi, hawaijui tofauti hiyo.

#4 Mchungulia_Dirisha
Na huyo Plantard baadaye alikiri mahakamani kwamba alitunga.

#5 Karani_wa_Masjala
#4 hapo tuweke sawa kidogo. Haikuwa kesi yake. Mwaka 1993 hakimu mpelelezi alikuwa akichunguza mambo ya mfanyabiashara Roger-Patrice Pelat, rafiki wa Rais Mitterrand. Plantard alikuwa amemtaja Pelat kuwa mkuu wa Priory. Hakimu akamwita, nyumba yake ikapekuliwa, na alipobanwa akakubali kwamba ni utunzi. Akafariki 2000, miaka mitatu kabla riwaya haijatoka. Mwandishi alipoandika ule ukurasa wake, ukweli ulikuwa umeshatoka hadharani miaka kumi.

#6 Wakili_wa_Zamu
Wasomaji wa riwaya nawaongezea la mahakamani, maana kesi ilikuwepo kweli, ila London.

Mwaka 1982 waandishi watatu walitoa The Holy Blood and the Holy Grail, wakidai kwa uzito wote kwamba Yesu aliacha kizazi na kwamba Priory inakilinda. Wawili kati yao, Michael Baigent na Richard Leigh, walimshtaki mchapishaji wa Dan Brown kwamba kazi yao imeibwa. Wa tatu, Henry Lincoln, hakujiunga. Hukumu ikatoka Aprili 2006, wakashindwa. Rufaa nayo ikatupwa.

Sasa mtazameni yule tajiri wa Kiingereza kwenye riwaya, Leigh Teabing. Leigh ni jina la mlalamikaji mmoja. Teabing, ukizipanga upya herufi zake, unapata Baigent, mlalamikaji wa pili. Mwandishi aliwaweka wote wawili ndani ya mhusika mmoja.

Mimi ninavyoiona, hapa ndipo jibu la mleta uzi lilipo. Riwaya ilisimama juu ya kitabu kilichojiita historia, na hicho kikasimama juu ya karatasi za Plantard. Kila ngazi iliamini kwamba ngazi ya chini yake imeshahakikiwa. Mahakamani tunauita ushahidi wa kusikia.

#7 Mchungulia_Dirisha
Na hakimu naye alificha fumbo ndani ya hukumu, kweli si kweli?

#8 Wakili_wa_Zamu
Kweli kabisa. Hakimu Peter Smith alizilaza kwa italiki baadhi ya herufi ndani ya hukumu yake, na waliozikusanya wakapata fumbo linalomhusu Jackie Fisher, amirali wa jeshi la majini la Uingereza. Nilipoisoma hukumu ile mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya chapa.

#9 BintiMvita
Salaam. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, naomba niseme langu.

Kitabu hiki sikukijua dukani, nilikijua kwenye mhadhara. Msemaji alikiinua juu akasema, tazameni, Wazungu wenyewe wamekiri kuwa Injili zilichaguliwa na maaskofu kwenye mkutano wa Nikea. Watu wakapiga takbiri. Nilikuwa na binamu yangu, mwalimu wa historia, akaniinamia akaniambia: "Hicho ni kitabu cha hadithi, dada, kama cha majini na mashujaa."

Iliniuma. Sisi tuna yetu ya kusema kuhusu Nabii Isa, alayhi salaam, na yako wazi kwenye Qurani. Hatuhitaji kuegemea riwaya ya Mmarekani. Mtu akiniletea hadithi ya kutunga kuichafua dini yangu nitakasirika, basi na mimi nisimfanyie mwenzangu hivyo.

Kwa hiyo jibu langu ni kuwa kila mtu alikipenda kwa sababu kilisema alichokuwa anataka kukisikia.

#10 Sauti_ya_Nne
BintiMvita, ahsante sana dada. Hilo la mwisho limenigusa, maana wakati ule nilikuwa nimekasirishwa na viongozi wa kigango chetu kwa mambo ya michango. Huenda nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka.

#11 Katekista_wa_Kale
Wanangu, hamjambo. Mimi nimefundisha dini miaka thelathini na mbili, Mungu anisaidie niseme bila hasira.

Mtaguso wa Nisea, ndiyo hiyo Nikea, ulikuwa 325. Ulikaa juu ya mafundisho ya Ario, aliyesema Mwana ameumbwa na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Wakazungumzia pia tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa ajenda. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya tulivyonavyo leo iko kwenye barua ya Athanasio ya mwaka 367, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Na Wahabeshi mpaka leo wana orodha ndefu kuliko yetu, wala hakuna aliyewachoma moto.

Mhusika wa riwaya anasema Umungu wa Yesu ulipitishwa kwa kura zilizokaribiana. Mapokeo yanataja maaskofu 318 hivi. Waliokataa kutia saini mpaka mwisho ni wawili, Theona na Sekundo, wote wa Libya. Wawili!

Kijana wa kwaya, paroko asipouliza, katekista wako alikuwa wapi? Hilo ndilo linaloniliza mimi.

#12 Sauti_ya_Nne
Shikamoo mzee. Katekista alihamishwa mwaka ule, hatukupata mwingine.

#13 Katekista_wa_Kale
Marahaba. Basi jibu unalo. Mahali pasipo na wa kuulizwa, kitabu kinakuwa mwalimu.

#14 Mtoto_wa_Ngong_Road
Nairobi hapa. Kwetu hadithi ilikuwa na uso kabisa, kwa sababu Opus Dei wapo, ile jumuiya ya Kikatoliki ambayo yule mtawa wa riwaya ni mwanachama wake. Strathmore na Kianda zilianzishwa na watu wao 1961, kabla ya uhuru, na Strathmore ilipokea wanafunzi wa rangi zote wakati shule nyingi zilikuwa za kubaguana. Nani Kenya hajui hilo?

Nilisoma kwenye taasisi moja inayosimamiwa nao. Filamu ilipotoka 2006 vijana wa mtaa walinizunguka kituoni, wakanitaka nipandishe suruali waone paja kama nimefunga ule mnyororo wa miiba. Nikapandisha. Kovu la baiskeli tu. Bado mmoja akasema, "Huo wa kwako ni wa mguu mwingine."

Ukweli niliouona: baadhi ya wanachama waliojitoa kuishi useja wanautumia kweli ule mnyororo, muda mfupi kwa siku, na hawafichi ukiuliza. Lakini Opus Dei haina watawa hata mmoja. Silas wa kwenye riwaya, mwenye kanzu na kofia, hawezi kuwepo. Wanachama wengi wana ndoa, wanakwenda ofisini na tai shingoni.

#15 Mchungulia_Dirisha
Mguu mwingine hukuupandisha?

#16 Mtoto_wa_Ngong_Road
Matatu ilifika.

#17 Fundi_Redio_Ujiji
Mnachambua Da Vinci mnasahau kaka yake, Angels & Demons ya 2000. Humo ndimo Iluminati wamo, na Galileo alikuwa mwanachama wao, na Bernini aliwachongea njia ya siri Roma. Hii mbona ina mashiko?

#18 Karani_wa_Masjala
Fundi, fanya hesabu tu. Iluminati walianzishwa tarehe 1 Mei 1776 na profesa wa sheria, Adam Weishaupt, huko Ingolstadt, Bavaria. Galileo alifariki 1642. Kuna miaka 134 hapo katikati. Bernini naye alifariki 1680.

Chama chenyewe hakikutimiza hata miaka kumi kabla ya kupigwa marufuku. Mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alipiga marufuku vyama vya siri 1784, akarudia 1785. Nyumba zikapekuliwa, karatasi zao zikachapishwa na serikali. Weishaupt akakimbilia Gotha, akaishi huko akiandika vitabu vya kujitetea mpaka 1830.

Sifa walizipata baada ya kufa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea watu walitafuta wa kumlaumu, na mwaka 1797 wakatoka waandishi wawili kwa mpigo, padri Barruel na Mskoti Robison, kila mmoja akisema ni Iluminati na Frimasoni. Tangu hapo halijatokea jambo kubwa duniani wasitajwe.

#19 Fundi_Redio_Ujiji
Sawa, hesabu nimeikubali. Lakini kuvunjwa kwa amri si ushahidi kwamba watu waliacha. Hata sisi chama chetu cha mafundi kilifutwa na bado tunakutana.

#20 Wakili_wa_Zamu
Fundi ana hoja ya kisheria, mjue.

#21 Mama_Wawili_Bukavu
Jambo bandugu. Miye niliisoma kwa Kifaransa. Huku kwetu watu hawaogopi sana Frimasoni, wanaogopa Rose-Croix, chama kingine cha siri. Mtu akipata gari haraka, utasikia "huyo ni wa Rose-Croix". Mwanangu aliniuliza kama babu yake alikuwa humo kwa sababu alikuwa na pete nyekundu. Pete ya harusi ya mamaye! Majina yanabadilika, hofu ni ile ile.

#22 Mjukuu_wa_Kariakoo
Mama Wawili amenifungulia mlango niliokuwa nauzunguka.

Kabla ya Iluminati, huku kwetu kulikuwa na mumiani. Mama yangu alikulia Kariakoo miaka ya 1950. Ananiambia gari jekundu la zimamoto likipita, watoto wote waliingia uvunguni. Waliaminishwa kuwa wazimamoto wanakamata watu, wanawanyonya damu, Wazungu wanaifanya dawa. Hofu hii ilikuwepo Nairobi, Kampala, Mombasa. Mama hajawahi kumuona aliyenyonywa. Lakini mpaka leo, na miaka yake themanini, king'ora kikilia anashika meza. Mkono wake nimeuona kwa macho yangu, vidole vinakuwa vyeupe.

Kwa hiyo napingana na Wakili wa #6. Hoja ya karatasi juu ya karatasi ni ya Ulaya. Sisi hatukuhitaji nyaraka za Paris. Tulishajua tangu utotoni kwamba wenye nguvu wana chumba cha nyuma. Wakoloni walikuwa na vyumba vya nyuma kweli, mambo ya ardhi na kodi yaliamuliwa humo bila sisi. Mumiani ilikuwa njia ya kulisema hilo. Riwaya ilipokuja ilikuta kiti kiko tupu kinaisubiri.

#23 Wakili_wa_Zamu
Nakubali nusu, Mjukuu. Ila Wamarekani nao walikinunua kwa mamilioni, na wao hawakuwa na mumiani. Sababu ya kwetu peke yetu haitoshi.

#24 Mjukuu_wa_Kariakoo
Wana vyumba vyao vya nyuma pia.

#25 Mtoto_wa_Ngong_Road
Kenya tulifika mbali zaidi ya uvumi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilikaa kabatini, ikatolewa hadharani 1999. Nilikuwa darasa la saba. Walimu walituambia tusiokote kalamu njiani. Mtu aliyelelewa hivyo, akipewa riwaya ya vyama vya siri ndani ya kanisa, unategemea aisome kama hadithi?

#26 Anayejua_Mabango
Mnaongea historia, mimi naongea pesa. Nguzo za umeme mjini zina karatasi: "Jiunge na Freemason upate utajiri, piga namba hii." Mtoto wa shangazi yangu alipiga. Akaambiwa atume elfu hamsini ya fomu. Kisha laki moja ya joho. Kisha laki mbili na nusu ya "kusafirisha pete". Jumla laki nne, pesa ya mtaji wa duka la nafaka. Siku aliyoomba kurudishiwa akatishiwa kwamba jina lake limeshaandikwa kwa damu, ndugu zake watakufa. Alikonda. Tulipata habari baada ya miezi mitatu, tukamkuta amejifungia ndani, amekata na simu.

Hao waliomtapeli hawajui hata Frimasoni ni nini. Wanajua tu kwamba mtaani wanaogopwa na kutamaniwa kwa pamoja. Vitabu na filamu hizi zimewapa matapeli joho la kuvaa.

#27 Sauti_ya_Nne
Pole sana ndugu. Sasa yuko vipi?

#28 Anayejua_Mabango
Yupo, anauza mkaa. Hapendi tulizungumze.

#29 Karani_wa_Masjala
Kwa faida ya wanaopita humu: Frimasoni wa kweli Afrika Mashariki hawajafichwa kiasi hicho. Marehemu Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa 1928, ambaye kampuni ya familia yao ilitaifishwa 1967 na bado Mwalimu Nyerere akamtumia kuendesha Shirika la Usagishaji, alikuwa kiongozi wao wa ukanda huu na aliliandika hilo kwenye kumbukumbu zake kwa jina lake kamili. Alifariki 2017. Hawabandiki matangazo kwenye nguzo.

#30 Katekista_wa_Kale
Lakini Karani, usije ukawasafisha kupita kiasi. Kwa Mkatoliki katazo lipo. Papa Klementi wa 12 alikataza 1738, na Novemba 1983 Roma ilirudia kwamba mwamini anayejiunga yuko katika dhambi kubwa na haruhusiwi kukomunika. Ilirudiwa tena 2023. Si kwa sababu ya kunywa damu. Sababu ni mafundisho yao na yetu kutokwenda pamoja.

#31 Karani_wa_Masjala
Mzee wangu, nimepokea. Naongeza moja tu, kwa sababu wengi wanaosema Frimasoni wanamwabudu Lusifa hawajui neno hilo limetoka wapi.

Kulikuwa na Mfaransa aliyejiita Léo Taxil. Mwaka 1885 alitangaza ametubu na kurudi kanisani, akaanza kuandika vitabu vya "kufichua" Frimasoni: mashetani, mikutano ya usiku, na msichana aitwaye Diana Vaughan aliyedaiwa kutoroka humo. Vikauzika vibaya mno. Alipokelewa na Papa Leo wa 13 mwenyewe. Watu wakaanza kudai wamuone Diana. Tarehe 19 Aprili 1897 akaita mkutano Paris, ukumbi ukajaa mapadri na waandishi wa habari, akapanda jukwaani akasema: nimewadanganya miaka kumi na miwili, Diana ni mpiga chapa wangu. Ilibidi polisi wamtoe.

Nukuu ya Lusifa inayosambazwa kwa jina la Albert Pike, Frimasoni wa Marekani, chanzo chake ni huko. Mwenye uongo aliukana kwa mdomo wake, na bado unahubiriwa kwenye vipaza sauti Jumapili. Hili jambo linanikosesha raha kuliko Plantard.

#32 Msomaji_wa_Kwenye_Daladala
Nyote mnatafuta sababu nje ya kitabu. Mimi nimekisoma mara nne, Mbagala hadi Posta. Sura ni fupi, nyingine kurasa mbili tatu, na kila moja inakatikia mahali mtu anafungua mlango. Konda akiita kituo unasema ngoja nimalize hii tu. Hadithi nzima ni kama siku moja hivi, wahusika hawalali. Nawe hulali. Mtu asiyelala haulizi maswali.

Tena mahali ni pa kweli. Louvre ipo, kanisa la Saint-Sulpice lipo na ule mstari wa shaba sakafuni upo. Ukishaona mstari upo, unakubali na yaliyobaki.

#33 Mchungulia_Dirisha
Na piramidi ya kioo ya Louvre ina vioo 666.

#34 Msomaji_wa_Kwenye_Daladala
673. Umeona ilivyo rahisi?

#35 Mchungulia_Dirisha
Nimekaa.

#36 Dada_wa_Tarehe22
Naona wanaume mmeandika kurasa, hakuna aliyemgusa Maria Magdalena mwenyewe. Kitabu kilinishika kwa sababu yake.

Nililelewa nikiambiwa alikuwa kahaba. Nyimbo, michezo ya Ijumaa Kuu, kila mahali kahaba. Tafuteni kwenye Injili nne mniletee mstari. Luka anasema alitolewa pepo saba na kwamba yeye na wanawake wengine waliwahudumia kwa mali zao. Yohana anasema ndiye aliyefika kaburini kungali giza. Ukahaba ulitoka kwenye mahubiri ya Papa Gregori Mkuu mwaka 591, alipowaunganisha wanawake watatu tofauti kuwa mmoja. Kanisa lilikuja kuwatenganisha kwenye kalenda ya 1969, na 2016 Papa Francis akaipandisha siku yake, 22 Julai, iwe sikukuu sawa na za mitume.

Ndoa na Yesu, kizazi cha wafalme wa Ufaransa, hayo siyaamini. Lakini kitabu kilipiga mahali palipokuwa na jeraha la kweli. Mwanamke alisingiziwa karne kumi na nne na hakuna aliyepiga kelele. Mtu wa kwanza niliyemsikia akisema "huyu hakuwa kahaba" alikuwa mwandishi wa riwaya. Ilipaswa awe Katekista. Shikamoo mzee, lakini ndivyo ilivyokuwa.

#37 Katekista_wa_Kale
Marahaba binti. Umenipata. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo mpaka miaka ya tisini.

#38 Fundi_Redio_Ujiji
Lakini dada, kwenye mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho aliyekaa kulia kwa Yesu si mwanamke? Uso ule!

#39 Dada_wa_Tarehe22
Ni Yohana. Wachoraji wa Italia wa zama zile walimchora Yohana kijana, hana ndevu, nywele ndefu. Mtazame kwenye Karamu za Ghirlandaio na Castagno, ni hivyo hivyo. Na kama yule ni Magdalena, mtume wa kumi na mbili amekwenda wapi?

Tena mchoro wenyewe umechoka. Leonardo alichora 1495 hadi 1498 juu ya ukuta mkavu badala ya plasta mbichi, rangi zikaanza kubanduka yeye mwenyewe angali hai. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango, miguu ya Yesu ikaenda. Agosti 1943 bomu likaangusha sehemu ya ukumbi. Ukarabati wa mwisho ulianza 1978 ukaisha 1999. Unaposema "uso ule", unaongelea kilichosalia cha uso.

#40 Fundi_Redio_Ujiji
Na kikombe? Kitabu kinasema hakuna kikombe kikubwa mezani, ndiyo siri yenyewe.

#41 Katekista_wa_Kale
Hapo kitabu hakikudanganya, kila mtu ana kibilauri chake. Lakini soma Yohana 13. Saa inayoonekana pale ni ile Yesu aliposema mmoja wao atamsaliti, na Injili ya Yohana haielezi kikombe kwenye karamu ile. Petro ameshika kisu, Yuda ameshika mfuko, wengine wanaulizana ni nani.

#42 Mama_Wawili_Bukavu
Ngojeni. Kwetu sebuleni tuna ile Karamu ya zulia la ukutani, yenye manyoya na nyuzi za dhahabu pembeni. Nimeinuka kuitazama sasa hivi. Kikombe kipo! Kikubwa, cha manjano, mbele ya Yesu.

#43 Mtoto_wa_Ngong_Road
Ya shosho wangu pia ina kikombe. Na mbwa chini ya meza.

#44 Anayejua_Mabango
Ya kwetu ni kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, 1998. Hakuna kikombe. Yohana ana ndevu.

#45 Msomaji_wa_Kwenye_Daladala
Yohana ana ndevu? Piga picha utuwekee.

#46 BintiMvita
Nawasoma tu. Jirani yangu Mkristo anayo, nimemtumia ujumbe ahesabu mikono. Amesema iko ishirini na tano.

#47 Wakili_wa_Zamu
Kuna mmoja kitabu kilisema hauna mwenyewe, mkono wenye kisu. Ni wa Petro, ameukunja nyuma ya kiuno. Kwenye nakala za zamani unaonekana vizuri. Huyo jirani ahesabu tena.

#48 Sauti_ya_Nne
Niko kwa mama wikiendi hii. La kwetu limetundikwa juu ya kabati la vyombo tangu sijazaliwa, moshi wa mkaa umelishika, nyuso zote zimekuwa kahawia. Nimemwomba nilishushe nilipige picha ya karibu kwenye mwanga. Amekataa, anasema likishuka litaacha alama ya mstatili ukutani na hana rangi ya kupaka.

Nimepanda stuli na tochi ya simu. Yohana hana ndevu. Kikombe kipo, lakini kimefumwa mbele ya Petro.